Picha ya paka ofisini: mimi siishushi

Wapambanaji wenzangu, mlinicheka sana niliposema ofisini kwangu nimetundika picha ya paka wangu. Eti si ya kibiashara, niweke saa. Haya, nisikilizeni.

Nauza kamba wakavu wa delta. Mzigo nautoa Nyamisati, nafungashia hapa Kibiti kwenye chumba kimoja, naposti Instagram na WhatsApp. Picha alinichorea fundi wa mabango ya maduka: kipande cha hadibodi, rangi ya mafuta, paka ana macho kama sahani. Msimdharau fundi wa mtaani. Edward Tingatinga naye alianza hivyohivyo Dar mwaka 1968, hadibodi na rangi ya baiskeli.

Sasa, mwaka jana tapeli alichukua picha zangu akaweka namba yake. Dada mmoja wa Mbagala akatuma hela ya kilo tatu, mzigo hakuuona. Siku alipokutana na ukurasa wangu akaja juu: "Mwizi wangu ni wewe, huyo paka namjua!" Kumbe paka alionekana nyuma ya mizani. Nikampigia simu ya video palepale, nikamzungushia chumba chote. Akaona ukuta, mizani, paka, na mimi mwanamke, wakati aliyemtapeli alikuwa na sauti ya kiume. Akapoa. Mpaka leo ananunua kwangu.

Tangu hapo mteja mpya namwambia mwenyewe: kabla hujatuma hela, piga video, niambie nikuoneshe paka. Picha za kamba mtu anaiba kwa sekunde moja. Ukuta wangu ataupata wapi?

Ila kuna mahali nilikosea. Mwanzoni paka alikaa karibu mno na mzigo, mteja akauliza, "Huyo halali humo kwenye kamba?" Oda ikafa. Nikampandisha juu ya meza ya simu. Kama unauza chakula, mnyama mwenyewe asikanyage humo kabisa. Na mbwa, kwa wateja wetu wa huku Pwani, jamani muwekeni sebuleni kwenu. Wapo pia wasiotaka picha ya kiumbe chochote ukutani, na wana haki yao. Hao nawapigia picha mzigo juu ya mkeka mtupu wa ukindu.

Paka mwenyewe yuko kwa mama. Wewe ukutani kwako kuna nini?