*GHOROFA SINZA: MAGARI YAHESABIWE KWANZA*



Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 kwa nyumba za familia. Kiwanja kikibadilishwa matumizi kuwa ghorofa, familia 12 zinaingia na barabara ni ileile.

Chukueni viwanja 10 tu: familia 120. Nusu wakitoka na gari saa 12 asubuhi ni magari 60, karibu yote yanakwenda Shekilango. Njia moja isiyosimamishwa hupitisha magari kama 1,800 kwa saa. Taa zikigawana nusu kwa nusu, 900. (Siku ya msafara msiulize.) Kama 900 zimeshajaa, hayo 60 yote ni foleni, zaidi ya mita 350. Kwa hiyo ahadi ya lami mtaani haijibu hoja. Tatizo liko kwenye makutano.

Hatupingi ghorofa, vijana wetu wanahitaji pa kupanga. Lakini maombi hupimwa moja moja, na moja moja yote yanaonekana madogo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa tufike, tudai magari yahesabiwe Bamaga na Shekilango, asubuhi na jioni, na namba zibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya kibali chochote. Diwani apewe nakala.

Katibu wa Tawi