Kipande House si Benki Tu

Katika Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi, pembeni mwa mtaa wa Loita, lipo jengo dogo la kale ambalo maghorofa ya kisasa yamelizidi kimo kwa mbali. Lilijengwa mwaka wa 1913. Leo ndani yake mna benki, na wapita njia wengi hulitazama bila kujiuliza kwa nini likaitwa Kipande House.

Mwanafunzi wetu analijua neno hilo. Katika somo la ushairi hufunzwa kwamba mshororo hugawika vipande. Barabarani humsikia askari akimdai mtu kipande, yaani kitambulisho. Lakini mwulize jinsi neno lenye maana ya sehemu ya kitu kizima lilivyofikia kutajia kitambulisho, naye aghalabu atanyamaza.

Jibu limo katika jengo hilo. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kusajiliwa, kuchukuliwa alama za vidole na kubeba cheti ndani ya kikasha cha chuma, aghalabu kikining'inia shingoni. Humo mliandikwa waajiri wake na mshahara wake. Bila sahihi ya mwajiri, hakuwa na ruhusa ya kuacha kazi akatafute nyingine. Watu walisajiliwa katika jengo hili, nalo likapata jina. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na wafuasi wake. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Mfumo huo ulifutwa mwaka wa 1947.

Sheria ilikufa, neno likabaki. Huenda wakatokea watakaosema kwamba jina hilo ni la fedheha, kwa hiyo lifutwe. Hoja hiyo haina mashiko. Fedheha ile haikuwa ya mvishwa kikasha, bali ya aliyemvisha. Tukilifuta jina, tutakuwa tumemsitiri mkoloni, wala si babu zetu.

Walimu wenzangu, siku mtakapofunza msamiati wa uraia, msikomee kwenye kamusi. Wapelekeni wanafunzi wakalione jengo hilo, au wahimizeni wawaulize wazee wao habari zake. Kamusi itawapa maana ya neno. Jengo litawaonyesha uzito wake.