Kichocho Kisivunje Ndoa

Kichocho wengi wetu tunakifahamu tangu utotoni. Mvulana akikojoa damu wenzake walimcheka, na wapo wazee waliosema ni dalili ya kukua. Kwa msichana hakuna aliyeuliza. Leo nataka kumsemea huyo msichana, maana akishaolewa ndipo ugonjwa ule ule unapomletea aibu isiyo yake.

Tuanze na mnyoo mwenyewe. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimgundua mwaka 1851 huko Kairo, Misri, alipokuwa akichunguza maiti. Mnyoo huyu hukulia kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha humwingia mtu kwa kutoboa ngozi. Makao yake ni mishipa ya damu. Humo dume na jike huishi wamekumbatiana, jike akitaga mayai kila siku kwa miaka mitatu hadi kumi, na pengine zaidi ya 30.

Hapo ndipo wataalamu waliposhangaa. Mwili hupambana hata na mwiba mdogo uliochoma kidole. Inakuwaje mnyoo wa sentimeta moja akae ndani ya damu miaka yote hiyo asiguswe? Katika miaka ya 1960 watafiti wa London, Smithers na Terry, walichukua minyoo waliokulia ndani ya panya wakawahamishia kwa kima. Ndani ya kima wa kawaida minyoo hao waliendelea kuishi. Lakini kima waliochanjwa kwanza dhidi ya damu ya panya waliwaua upesi. Kumbe mnyoo alikuwa amejivika vitu vya mwili wa panya! Ni kama mwizi aliyeingia nyumbani akavaa shati la baba mwenye nyumba: mbwa hambwekei.

Mayai, hata hivyo, hayana shati hilo. Mengine hutoka na mkojo, lakini mengi hunasa katika kibofu na, kwa mwanamke, katika shingo ya kizazi na uke. Mwili huyashambulia, na vita hiyo ndiyo inayoleta vidonda na makovu, maumivu, kutokwa damu, na wakati mwingine kukosa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake milioni 56 barani Afrika wanaishi na hali hiyo.

Sasa fikiri juu ya binti aliyekulia vijiji vya Shinyanga, akichota maji lamboni na kupandikiza mpunga majarubani. Ameolewa mjini, na miaka minane hajakanyaga lambo. Siku moja anatokwa damu baada ya tendo la ndoa. Anapewa dawa za magonjwa ya zinaa, hazisaidii, kwa sababu hazimuui mnyoo huyu. Mume anaanza kupiga hesabu: “Mimi ni mzima, wewe umeutoa wapi?” Shemeji wanaitwa, mizigo inafungwa. Kwa maoni yangu huku ni kumsingizia mtu kwa kosa la konokono. Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana, na mnyoo aliyeingia utotoni anaweza kuwa hai hadi leo.

Lawama nyingine naielekeza kwetu sote. Kwa miaka mingi vidonge vya prazikwanteli vimegawiwa zaidi kwa watoto shuleni, na mama anayefua mtoni kutwa nzima akasahauliwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali penye kichocho kingi, dawa wapewe wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo wanaonyonyesha na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Ushauri huo usibaki makaratasini. Dawa hii huchubua lile vazi la mnyoo, na mwili ukamtambua adui wake. Makovu ya zamani lakini mara nyingi hubaki, ndiyo maana msichana asingojee aolewe.

Mama, ukifika zahanati mweleze mhudumu ulikulia wapi na ulioga maji gani. Mkojo usipoonyesha mayai usirudi nyumbani ukidhani yamekwisha, kwa kuwa yaliyonasa hayatoki. Omba upimwe pia saratani ya shingo ya kizazi na magonjwa ya zinaa, maana dalili zinafanana. Na wewe baba, fuatana naye, ukayasikie maelezo ya daktari kwa masikio yako kabla hujawaita shemeji.