Msaidizi wa akili bandia ofisini: nani anunuliwe?

Makampuni ya uwakala wa forodha mipakani, kuanzia Namanga hadi Mutukula, yanashawishiwa kununua wasaidizi wa akili bandia wa kuandika barua na kufupisha nyaraka. Je, gharama zinarudi?

Microsoft ilipoanza kuwauzia wafanyabiashara Copilot, Novemba 2023, bei ilikuwa dola 30 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Tuichukulie bei hiyo kama kipimo. Karani anayelipwa dola 200 kwa saa 176 za mwezi hugharimu dola 1.14 kwa saa. Ili dola 30 zirudi, lazima aokoe zaidi ya saa 26, yaani siku tatu za kazi. Meneja wa dola 1,200 anatakiwa kuokoa saa nne na nusu tu. Kwa hiyo, hesabu inayokubalika Ulaya, ambako mishahara ni mikubwa, huenda isikubalike hapa.

Kuna pia suala la makosa. Tangu Julai 2022, viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Mashine ikikosea namba ya bidhaa, faida ya mzigo mzima yaweza kupotea, na anayewajibika mbele ya forodha ni aliyetia sahihi, si mashine.

Ushauri wetu: anzeni na mtu mmoja anayeandika sana, mhesabu saa zilizookolewa pamoja na zile za kusahihisha. Namba za ushuru zibaki mikononi mwa mtaalamu.