Dhoruba Isiyo na Jina

Mei 2024 nchi nzima ililijua jina la Hidaya. Redio zilitangaza asubuhi hadi usiku: kimbunga kinakaribia Mafia, boti za Unguja zimesimamishwa, wavuvi wasitoke. Huku Kigoma nasi tulisikiliza, tukawaombea dua ndugu zetu wa pwani. Lakini mimi taarifa ile niliisikia nikiwa Ujiji kwa shangazi yangu, maji ya Ziwa Tanganyika yakinifika magotini katika chumba alichozalia watoto wake wote. Maafa yake yeye hayakuwa na jina.

Nauliza: maafa ni nini? Kama ni lazima mapaa yang'olewe siku moja, basi Unguja ilipata maafa tarehe 15 Aprili 1872, tufani ilipoangusha mikarafuu na minazi na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Lindi nayo ilipata mwaka 1952. Yameandikwa, na yanastahili kuandikwa. Ziwa letu haliji kwa kishindo. Huja shibiri kwa shibiri. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa, ukuta wa matofali ya udongo hulowa, ukalainika, ukalala. Aliyebomolewa na upepo na aliyebomolewa na ziwa, wote wawili hawana pa kulala.

Wapo watakaonijibu kwamba watu hawa walijenga ziwani wenyewe, na sheria inakataza. Naijua sheria hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sawa, lakini ni ufukwe upi? Stanley, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliporudi mwaka 1876 alikuta maji yamelimega soko alilolijua. Mto Lukuga, ulio ng'ambo ya Kongo na ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Ulipozibuka mwaka 1878, ziwa likashuka na nchi kavu ikaongezeka. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zikalipandisha tena hadi 1964. Kisha likarudi nyuma, watu wakajenga. Tangu mvua za 2019 na 2020 likaanza tena kupanda.

Shangazi yangu alinunua kiwanja chake miaka ya themanini, sheria hiyo haijatungwa bado, na maji yalikuwa mbali kuliko hizo mita 60. Alipewa karatasi yenye muhuri. Ni nani aliyepaswa kuzijua habari za 1878 na 1964: mjane anayeanika dagaa, au yule aliyegonga muhuri? Anayegawa viwanja katika sehemu ambayo ziwa lilikwisha kulala, kisha maji yakija akamlaumu mnunuzi, huyo hatetei sheria. Anajitetea nafsi yake.

Mgala muue na haki yake mpe: hakuna serikali inayoweza kuzuia mvua, wala hatuombi hivyo. Tunaomba yaliyo katika uwezo wa binadamu. Kwanza, ziwekwe nguzo za zege, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, zionyeshe maji yalifika wapi, ili hata mtoto wa shule aone. Pili, asigawiwe mtu kiwanja chini ya nguzo hizo. Tatu, waliohama wahesabiwe kama wanavyohesabiwa waliopigwa na kimbunga, na wapewe ardhi huko juu. Majirani zetu wa Burundi, wanaokunywa maji ya ziwa hili hili, waliiomba dunia msaada wa mafuriko Aprili 2024. Hawakungoja dhoruba ipewe jina.

Shangazi sasa amepanga chumba Mwanga, mbali na vichanja vyake vya dagaa. Kila anaponiona huniuliza kama maji yamepungua. Siku yatakapopungua, ninajua atakayetangulia kufika pale: mtu mwenye kamba ya kupimia na muhuri mfukoni. Siku hiyo, udongo ukiwa mkavu na jua likiwaka, ndiyo siku ya kupiga kelele. Tukinyamaza hapo, tusije tukamlilia Mungu maji yakiwa tena magotini.