Tusicheke Makosa ya Kingereza, Tutafute Fasi Inatokea



Sisi viongozi wa wanafunzi, wale munaita "doyen", tunaomba fasi kidogo mu gazeti yetu. Tuko na neno la kusema, na kwanza ni la kujishitaki sisi wenyewe.

Mu darasa moja ya chini, ku saa ya Kingereza, mutoto mumoja alisimama kujijulisha. Alisema: "I have fourteen years." Darasa yote ikacheka. Sisi tulikuwa pale kwa kulinda utulivu, lakini tulicheka pia. Mutoto akaikala. Tangu siku ile, mwalimu akimuuliza kitu, anajibu tu: "Miye sijue." Tulimufuata saa ya kupumzika, tukamwambia aseme bila woga. Akatujibu: "Hapana yaya, mutacheka tena."

Ile "mutacheka" njo inatuandikisha leo.

Tulijiuliza: hii kosa inatoka wapi? Haitoke mu ujinga. Mu Kiswahili tunasema "niko na miaka 14". Mu Kifransa tunasema "j'ai quatorze ans". Luga mbili anazojua zinamwambia kama miaka ni kitu mutu anakuwa nayo, sawa kalamu ao mbuzi. Kingereza inasema ingine: "I am fourteen." Mutoto alifuata njia mbili nzuri, akakuta mulango umefungwa. Kuko nini ya kucheka pale?

Na si sisi peke yetu. Wapolonia ni watu wa Ulaya, lakini mu luga yao nao wanasema "niko na miaka". Tena luga yao haina "the" wala "a", sawa Kiswahili yetu. Kwa hiyo Mupolonia anayejifunza Kingereza anaangukaka pale pale mutoto wa Kipushi anaangukia. Mumoja wao ni Joseph Conrad, aliyezaliwa mwaka 1857. Alianza kujifunza Kingereza akiwa kijana mukubwa kutupita sisi. Mwaka 1890 alifika hapa Kongo, akapanda mto mu mashua ya moshi mpaka Kisangani ya leo. Kisha aliandika vitabu vya Kingereza vinavyosomwa dunia yote. Lakini mpaka kufa kwake mwaka 1924, mu kinywa chake Kingereza ilibaki na sauti ya kwao. Kama wenzake wangemucheka mpaka anyamaze, nani angeandika vile vitabu?

Basi tupange makosa yetu, kila moja na kwao.

Ya kwanza: "My mother, he is at the market." Inatoka mu Kiswahili. "Yeye" ni ya mwanaume na ya mwanamuke. Kwa Kingereza, chagua: "she" kwa mama, "he" kwa baba.

Ya pili: "Peter and her mother", wakati mama ni wa Peter. Hii inatoka mu Kifransa. Kifransa inaangalia kitu: "sa mère", juu mama ni mwanamuke. Kingereza inaangalia mwenye kitu. Peter ni mwanaume, basi sema "his mother".

Ya tatu: "I bought book." Kiswahili haina "the" wala "a", na tunazisahau. Lakini mwenzako atasema: "The life is hard." Yeye alifuata "la vie" ya Kifransa. Mumoja alipunguza, mwengine alizidisha. Sema "I bought a book" na "Life is hard".

Ya ine: "I am in Kipushi since three years." Ni "depuis trois ans" yenye kuvaa nguo ya Kingereza. Sema: "I have been in Kipushi for three years."

Ya tano njo inaweza kukuletea mambo. Tuseme uko ku mupaka wa Zambia, na hauna paspoti. Mukubwa wa mupaka anauliza: "You don't have a passport?" Unajibu "Yes", ukiwaza "ndiyo, sina". Yeye anasikia kama iko. Ananyoosha mukono: "Give it to me." Unaonekana muwongo, kumbe ulisema kweli kwa Kiswahili. Kama hauna, jibu "No".

Tunajua habari ya Efraimu mu kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Pale ku vivuko vya Yordani, mutu aliulizwa atamke neno moja tu, "Shiboleti". Aliyekosa sauti moja aliuawa. Walikufa watu 42,000. Na wale walioulizwa na wale waliouliza walikuwa wa taifa moja! Sisi pia tunaikala ku kivuko. Mwanafunzi wa Kikristo asisimame pale kuhukumu ndugu yake juu ya neno moja.

Wengine watasema: "Kucheka kunafundisha." Hapana. Kunafundisha kunyamaza tu. Kosa ya mwenye kusema, mwalimu ataisikia na ataitengeneza. Kosa ya mwenye kunyamaza, nani ataitengeneza? Lakini hatuseme makosa yaachwe. Exétat haitahurumia mutu. Na hapa kwetu, mugodi uliofungwa mwaka 1993 ulianza tena kutosha zinki mwaka 2024, na kampuni moja ya Kanada iko ndani yake pamoja na Gécamines. Zambia iko karibu sana, na kule luga ya serikali ni Kingereza. Mutoto wa Kipushi anayeogopa kufungua kinywa, wengine watajibu mu fasi yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Moja, mutu akikosa, mwenzake amutengenezee kwa sauti ya chini, bila kicheko. Mbili, kila darasa iandike makosa ya juma ku karatasi, na kando yake: hii ni ya Kiswahili, hii ni ya Kifransa. Majina ya watu yasiandikwe. Tatu, sisi madoyen tutaanza. Siku ya kwanza tutasimama mbele ya darasa ile ile, tuseme Kingereza yetu, na mutoto yule akisikia kosa, atutengeneze.

Tumekwisha kumuomba musamaha. Hajasema kitu bado. Tunangojea.

Mungu awabariki wote.

Sisi viongozi wenu wa mwaka wa mwisho.