Mwisho wa Gari ni Muthurwa

"Mwisho wa gari! Town hatuingii!" Makanga anagonga bodi mara mbili, mlango unafunguka, na vijana wanaruka chini kabla gari halijasimama. Mama yangu anabaki kitini. Ananitazama. "Kwani hakusema anafika town?"

Alisema, mama. Nauli pia tulilipa ya town.

Mama ana miaka 71 na kisukari. Mguu wake wa kushoto una kidonda ambacho kimekataa kupona. Daktari amemkataza kuukanyagia. Sasa, ili afike kwa daktari anayemkataza kuukanyagia, inambidi aukanyagie kutoka Muthurwa hadi Kencom, zaidi ya kilomita moja, ndipo tupate gari la Ngong Road linalopita hospitalini. Zamani gari letu la kutoka Kayole lilitushusha karibu na Ambassadeur. Ukivuka barabara na kutembea kidogo umefika Kencom. Siku moja steji ikahamishwa. Abiria tuliambiwa na makanga, tukiwa tayari ndani ya gari.

Nimepima safari hiyo kwa saa yangu. Mimi peke yangu ni dakika 15. Na mama ni 47, tukipumzika mara tatu, mara moja juu ya kreti la nyanya alilotupa mwanamke mmoja pale Marikiti bila hata kuulizwa. Njia ya miguu imejaa bidhaa, mikokoteni inakuja na "sidee! sidee!" na mvua ikinyesha usiku, matope. Bodaboda? Zinakimbizwa na kanjo. Teksi inataka pesa ambayo ni dawa ya wiki mbili. Mwezi uliopita mama aliniambia kliniki inaweza kungoja. Haiwezi kungoja. Mguu wa kisukari ukingojewa, hukatwa.

Najua nitakachojibiwa: jiji lina msongamano. Kweli lina. Sina mapenzi ya kipofu kwa matatu mimi. Zinafunga barabara, zinapiga honi saa kumi na moja alfajiri, na kuna makanga amewahi kuniita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Lakini tuhesabu vizuri. Matatu inabeba watu 14, au 33. Gari dogo lililo mbele yake limebeba mtu mmoja na koti lililotundikwa dirishani. La kwanza linaambiwa liishie Muthurwa. La pili linaingia hadi katikati, linalipia maegesho, linakaa hapo kutwa. Anayepunguziwa msongamano ni yule mwenye koti. Anayeulipia ni mama, kwa kisigino.

Tulishaiona picha hii. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya Nairobi. Watu wakatembea, wagonjwa na wenye ulemavu wakakwama, kelele zikawa nyingi, na amri ikasitishwa kabla wiki haijaisha. Mtu angedhani waliokuwa ofisini walijifunza kwamba kosa ni kuwatembeza wagonjwa. Mimi naona walijifunza kwamba kosa lilikuwa kuwatembeza wote siku moja. Siku hizi inahamishwa steji moja, kisha nyingine, leo ya Kayole, kesho ya wengine. Hakuna umati, kwa hiyo hakuna kamera.

Na sheria ipo, tena si ya jana. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye magari ya abiria miaka miwili kuyarekebisha ili yawafae. Miwili! Panda matatu yoyote leo uniambie ngazi ya kwanza iko urefu gani. Mama hupandishwa kwa kusukumwa mgongoni, na makanga, kijana mwenye roho nzuri kwa kweli, humwambia, "Shosh, jikaze."

Steji ikitaka kuhamishwa, wenye magari huitwa mezani kwa sababu wanaweza kugoma. Mama hawezi kugoma. Akigoma ataumia yeye. Basi mtu mmoja kati ya wanaochora ramani hizo aje tu, bila msafara, tumsubiri Muthurwa. Asitembee na mimi, natembea haraka. Amshike mama mkono wa kulia, maana wa kushoto una mkongojo, wavuke Haile Selassie wakati matatu, malori na mikokoteni vyote vina haraka, na awe yeye wa kumwambia "jikaze." Kisha arudi mezani aweke gari moja tu la kuunganisha steji hizi mbili, lenye ngazi ya chini, kwa nauli ileile tuliyokwisha kulipa.

Kliniki ijayo ni Jumanne. Tutatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri.